Kompyuta ya Marehemu Haizimwi

Mawingu yalikuwa yamekalia milima ya Mamba tangu Jumapili, na betri ya marehemu ilikuwa inakwisha.

Togolani, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa juu ya bati na kitambaa chenye maji, akifuta paneli za sola kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Alifuta, akashuka kutazama mita ukutani, akapanda tena. Waombolezaji walijibanza chini ya turubai, makoti yamefungwa hadi shingoni, na kila aliposhuka walimwuliza imefika wapi, naye akawajibu kwamba inashuka. Jua lilikuwa limewasusa kabisa.

"Iacheni izime," alisema Namkunda.

Hakupaza sauti, lakini msibani maneno ya namna hiyo hayahitaji kipaza sauti. Watu waliacha kutafuna. Mjomba Eliapenda, kaka wa marehemu, mwenye kiti pekee chenye mto, aligeuza shingo taratibu mpaka akampata.

"Umesema nini, mpwa wangu?"

"Nimesema kama betri imeisha, imeisha. Tusijiue kwa ajili ya mashine."

"Yaani unataka dada yangu afe mara ya pili? Mara ya kwanza hukuwepo, sasa unataka uwepo?"

Katika nyumba ile alikuwa mtoto wa kwanza, mhandisi, mwenye kazi yake Dodoma, na bado kila alipofungua mdomo alionekana mtoto aliyevunja kikombe.

Miaka ile kila kompyuta nchini ilikuwa na kufuli la mapigo. Mwenye mashine alivaa bangili nyembamba, bangili ikasoma mapigo ya moyo wake, na mapigo hayo, ambayo hayafanani na ya mtu mwingine yeyote, ndiyo yaliyokuwa ufunguo. Mashine ikizimwa, diski nzima ilikuwa imesimbwa: kila kilichomo kimevurugwa kiasi kwamba hakikuwa tena picha wala sauti wala neno. Mwenyewe akiiwasha, vyote vinarudi mahali pake. Sasa mtu akifa mashine ikiwa imewaka, inabaki wazi hivyo hivyo. Inasomeka, ila hakuna anayeweza kufuta, kuongeza wala kunakili kitu, kwa sababu watunga sheria waliwajua warithi wa nchi hii. Na ikizimika, imezimika moja kwa moja. Hakuna fundi wala hakimu wa kuifungua, maana moyo uliokuwa ufunguo uko kaburini.

Watu hawakuchelewa kuzusha desturi. Kompyuta ya marehemu haizimwi kabla ya arobaini. Inawekwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kila anayekuja kutoa pole anapewa zamu ya kukaa nayo peke yake, mlango umefungwa. Inamsalimu kwa sauti ya marehemu, naye anatazama picha, anasikiliza, analia, anatoka. Hakuna anayenyimwa. Kumnyima mtu zamu ni sawa na kumnyima maji ya kunawa.

Haya yote Namkunda aliyajua kuliko yeyote pale, kwa sababu kufuli hilo alikuwa mmoja wa waliolibuni. Zaidi ya hapo, sauti yake ndiyo iliyotumika kwenye tangazo la redio. Lilisema mwizi akiiba, ameiba tofali. Tangazo lilipigwa asubuhi, mchana na kabla ya taarifa ya habari, mpaka watoto wakalifanyia wimbo wa kuruka kamba. Alipokwenda benki watu walimwita Dada Tofali. Alikuwa akicheka wakati huo.

"Lakini Namkunda," shangazi mmoja aliingilia kwa upole, "si ulisema mwenyewe ni tofali? Sasa unaogopa nini ikiendelea kuwaka?"

"Ni tofali ikiwa imezimwa, Shangazi. Hii imewaka."

"Ikiwaka ni nini?"

"Ni nyumba isiyo na mlango. Kufuli linamzuia mwizi anayeondoka na mashine iliyolala. Halimzuii mtu aliyekaribishwa, akakaa, akaletewa na chai."

"Mbona redioni hukusema?"

Namkunda alimtazama. Tangazo lilikuwa la nusu dakika, na nusu yake ilikuwa muziki. Angemjibu hivyo? Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Alitaka kuwaambia kwamba humo ndani huenda mna mambo ya watu. Lakini kila njia aliyofikiria ya kulisema hilo ilianza na swali la mambo gani, na ya nani, na hayo ndiyo hasa yasiyosemeka.

Kwa sababu mama yake hakuwa amestaafu unesi akalima tangawizi tu. Kwa miaka mingi wanawake walifika mlangoni pake alfajiri, mmoja na mkono uliovunjika, mwingine na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Aliwafunga majeraha, akawalisha, kisha akawapeleka mbali, kwa watu aliowajua yeye tu. Waume wengine walitoka vijiji vya jirani. Wengine walikuwa wana wa ukoo huu huu, na siku ile walikuwa wamekaa chini ya turubai wakila makande.

Namkunda alikuwa amemwambia mama yake aache. Alimwambia siku moja mmoja wa wanaume hao atakuja na panga. Mama akajibu kwamba nyumba ni yake, na kwamba Namkunda asirudi mpaka ayameze maneno hayo. Namkunda hakuyameza, na hakurudi. Walikuwa wakisalimiana kwa simu siku za sikukuu, kama majirani.

Mita ilikuwa imefika pabaya. Togolani alishuka kwa mara nyingine, akakaa kwenye ngazi na kufunika uso. Namkunda alimwonea huruma, na papo hapo, kwa aibu, alihisi nafuu. Ikizimika yenyewe, hakuna wa kulaumiwa ila mawingu.

*

Hapo ndipo Kajiru alipopanda mteremko na betri begani.

Ilikuwa betri kubwa, ya aina inayoendesha mashine za kukaushia tangawizi, na alikuwa ameibeba tangu kiwandani kwake, jasho likimtiririka katika ubaridi ule. Aliitua barazani taratibu, akavua kofia, akampa Mjomba mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee. Nimesikia Mama anataka kuzimika, nikasema haiwezekani. Mama huyu alinichoma sindano nikiwa mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Mungu akubariki!"

Wanawake walipiga vigelegele, ingawa ulikuwa msiba. Togolani alimkumbatia kabisa. Wapare tunataniwa kwamba ukituomba betri tutakuomba kwanza mashahidi wawili, na hapa mtu ameleta ya kwake bila kuombwa. Mtu wa namna hiyo hata angekuwa na mkia, nani angeutazama?

Namkunda aliutazama. Alikuwa amemjua Kajiru tangu asubuhi ile mama yake alipomwita amshikie taa, na chini ya taa kulikuwa na mwanamke aitwaye Nakiete, mke wa Kajiru, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Nakiete hakulia. Aliuliza tu kama atakuwa mbali kabla jua halijawaka. Tangu siku hiyo Kajiru alizunguka stendi, makanisa na misiba akiuliza kwa upole, daima kwa upole, kama kuna aliyemwona mke wake, maana amemsamehe.

"Sina haja ya shukrani," Kajiru alikuwa akimwambia Mjomba. "Naomba tu nami nikae na Mama. Nilikuwa shambani wakati wa mazishi, sikumuaga."

"Hilo nalo la kuomba? Kula kwanza. Ukimaliza, unaingia."

Namkunda alimvuta Mjomba kando, karibu na pipa la maji.

"Mjomba, huyu asiingie peke yake. Niingie naye."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Unamlinda mama yako na waombolezaji? Namkunda, mtu ametuokoa mbele ya macho ya watu wote, halafu nimwambie kwamba mpwa wangu atamkalia kama askari jela?"

"Basi mashine ihamishiwe chumbani, tuifungie."

"Msiba haufungiwi. Siku ya arobaini si mbali, dada yangu atafungua visanduku vyake vya sauti, tutasikia alichotuachia, kisha uizime uipeleke hata Dodoma." Alimwegemea karibu, akapunguza sauti, na kilichomwuma Namkunda ni kwamba sauti ile ilikuwa ya upendo. "Wewe una hofu ya nini? Si uliifunga kwa mapigo? Si tofali?"

Angeweza kulia. Angeweza pia kulipiga teke lile pipa. Alifikiria kumwambia Togolani, akaacha: Togolani angesikia jina la Nakiete na kwenda moja kwa moja kumshika Kajiru shingo, na kabla ya jioni tarafa nzima ingejua marehemu alikuwa akificha wake za watu. Wangeanza kuulizana alikuwa akiwapeleka kwa nani.

"Basi mimi kwanza," alisema. "Kabla yake. Sijakaa na Mama hata mara moja."

Mjomba alilegea. Ilikuwa kweli, na kila mtu alikuwa ameliona. Tangu afike alikuwa akizunguka sebule kana kwamba kuna mbwa ndani.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nenda ukapatane naye."

*

Sebule ilinukia tangawizi na nta ya sakafu. Kompyuta ilikuwa mezani, kioo kimewaka, waya wake ukipita dirishani hadi kwenye betri ya Kajiru. Namkunda alifunga mlango, akakaa.

"Karibu," ilisema sauti ya mama yake. "Umekula? Kama hujala, waambie wakupe."

Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini hakuwa amejiandaa kuulizwa kama amekula. Alilia papo hapo, kwa kelele, kama watu wazima wasivyotaka kulia. Huko nje walimsikia, na wanawake wakaitikia kwa kuguna kwamba hatimaye amelia.

Alipojipangusa aliona visanduku vitatu upande wa kulia wa kioo. Cha Eliapenda. Cha Togolani. Cha Namkunda. Mama alikuwa amevirekodi na kuviwekea siku, navyo vingefunguka siku ya arobaini na si kabla, hata Namkunda mwenyewe asingeweza kuvilazimisha. Chini ya kila kimoja palikuwa na urefu wake. Cha Mjomba kilikuwa kifupi, cha Togolani cha wastani. Cha kwake kilizidi vyote viwili kwa pamoja, karibu saa nzima. Mama yake, aliyekuwa akikata simu kabla hujamaliza kuaga, alikuwa amekaa hapa akazungumza naye karibu saa nzima.

Aliinua mikono kwenye kibodi. Alijaribu kufikiri kama Kajiru. Mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta, ameachwa peke yake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, angefanya nini? Angeandika jina. Basi.

Aliandika: Nakiete.

Mashine haikuuliza neno. Ilileta faili moja la sauti, lililoandikwa juu yake kwamba ni mbegu za tangawizi, ikarukia yenyewe mahali jina lilipotajwa.

"Nakiete yuko Mpanda," alisema mama yake kwa sauti ya mtu anayejikumbusha. "Nyuma ya stendi ya zamani. Anashona, na jina analotumia ni Maria. Mtoto anasoma shule ya karibu na tangi la maji. Namba yake ni hii…"

Namkunda alisimamisha. Mama huyu hakuwahi kuandika chochote, hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi yake kwa kila mwanamke. Alirudisha sauti mwanzo kabisa.

"Leo nimesahau mji alikokwenda yule wa Gonja," sauti ilisema. "Nimekaa asubuhi nzima, haukuja. Kichwa kimeanza kunitoroka. Nikisahau mimi, nani atawatumia ada za watoto, nani atawaambia mzazi wao amekufa? Nilikuwa naogopa kuweka humu. Lakini Namkunda amesema redioni, hata mwizi akiiba ameiba tofali. Mwanangu ana ulimi mkali, ila si mwongo. Basi naanza."

Halafu yakafuata majina, moja baada ya jingine, kila moja na mji wake.

Namkunda alijaribu kufuta lile faili, ingawa alijua. Kioo kilimjibu kwa adabu kwamba mmiliki hayupo, hakuna kinachoweza kubadilishwa. Alijaribu kulifunga, kulihamisha, kulificha, njia zote alizozijua na mbili alizozibuni pale pale, na kila mara alipewa jibu lile lile, jibu ambalo timu yake ilisherehekea kwa keki siku lilipofanya kazi. Walikuwa wametengeneza ukuta mzuri sana. Ni yeye aliyekuwa amekwama upande wa ndani.

Alichukua simu, akapiga ile namba.

"Karibu Maria Fundi Nguo," sauti ya mwanamke ilijibu. Nyuma yake cherehani kilikuwa kikienda.

"Nakiete, mimi ni Namkunda. Mtoto wa Mama, wa Mamba. Nilishika taa."

Cherehani kilinyamaza.

"Namba hii umeipata wapi?"

"Kwenye kompyuta ya Mama."

"Hapana. Mama alisema hataiandika popote. Aliniambia iko kichwani mwake tu." Alivuta pumzi. "Dada, niliposikia amefariki nililia siku nzima. Halafu, Mungu anisamehe, nikashukuru. Nikasema sasa hakuna tena duniani anayejua nilipo."

"Kajiru yuko hapa. Anamalizia kula. Ataingia baada yangu."

Namkunda alitazama mlango, akapunguza sauti.

"Unaweza kuondoka leo?" aliuliza.

"Niondoke niende wapi? Mwanangu anafanya mtihani wa darasa la saba wiki hii. Nimekodi chumba, nina mashine mbili, nina mafundi wawili wananitegemea. Mimi nihame tena kwa sababu yeye amebeba nini, ua la rambirambi?"

"Betri," alisema Namkunda.

"Na wenzangu? Si niko humo na wenzangu? Kuna ambao hata simu hawana. Utawapigia nani?" Sasa sauti ilikuwa ya hasira. "Hebu, wewe si ndiye yule wa redioni?"

"Ndiye mimi."

"Basi lifanye liwe tofali," alisema Nakiete, akakata.

Mlangoni mtu alibisha taratibu, kidole kimoja tu.

"Samahani, Dada," alisema Kajiru kutoka nje. "Usiharakishe. Nauliza tu kama bado."

"Bado kidogo, kaka."

Alitazama visanduku vitatu. Alijua vizuri kwamba kimoja tu ndicho chake. Togolani alikuwa amemwuguza mama yake mwaka mzima, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, na katika usingizi wake wa mang'amung'amu alikuwa akisema atakaposikia kisanduku chake atapumzika. Nani alimpa Namkunda ruhusa ya kuchukua sauti ya mama kutoka kwa mwanawe? Hakuna. Angetoka amwombe? Angetoka, na mlango ungebaki wazi, na Kajiru, mtu wa adabu, angepita.

Aliwaza kwamba pengine Kajiru hataandika jina. Pengine amekuja kweli kumuaga mtu aliyemchoma sindano. Alilishikilia wazo hilo, akalipindua huku na huku, kwa sababu lilikuwa na saa nzima ya mama yake ndani yake. Kisha akakumbuka ule mkono chini ya taa.

"Mama," alisema kwa sauti, "nimeyameza."

Alibonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia. Kioo kilileta onyo: Mmiliki hayupo. Ukizima, hakuna atakayeweza kufungua tena. Je, una uhakika? Maneno hayo aliyatunga yeye, mchana mmoja ofisini Dodoma, akinywa soda, na alikumbuka walibishana kama neno "uhakika" lina nafasi ya kutosha kwenye kitufe. Aliendelea kushikilia. Feni ndogo ndani ya mashine ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Katika kioo cheusi alijiona mwenyewe.

*

Alifungua mlango.

"Zamu yako, kaka. Karibu."

Kajiru aliinamisha kichwa, akaingia, akafunga mlango nyuma yake kwa uangalifu. Namkunda alisimama barazani akihesabu pumzi zake. Mjomba alimpigapiga bega, akidhani macho mekundu ni ya upatanisho, na pengine yalikuwa.

Mlango ulifunguka haraka mno.

"Wazee, mbona imezimika?"

Togolani aliruka. Alikwenda kwenye betri kwanza, akashika waya, akatazama mita, akatazama tena. "Imejaa," alisema. "Betri imejaa! Waya uko mahali pake!" Alikimbilia sebuleni, na wote wakamsikia akibonyeza, akibonyeza, akimwita mama yake kwa jina ambalo alilitumia alipokuwa hajajua kusema vizuri. Alipotoka alikuwa na kompyuta mikononi.

"Nani alikuwa ndani?" aliuliza, ingawa wote walikuwa wamemwona.

Mjomba Eliapenda alisimama, jambo ambalo kwa magoti yake lilichukua muda.

"Namkunda. Sema imezimika yenyewe."

"Nimeizima mimi, Mjomba."

"Kwa nini?"

Kajiru alikuwa kizingitini, kofia mikononi. Alikuwa ameacha kuitazama mashine na alikuwa akimtazama Namkunda, bila hasira yoyote, kama fundi anayetafuta mahali mbao ilipopasuka.

"Hata mimi nimeshangaa," alisema kwa upole. "Dada, kulikuwa na kitu humo hukutaka kionekane?"

Watu wote walimgeukia. Namkunda aliona wazi kwamba jibu hili lilikuwa kitu cha mwisho kilichobaki kufungwa, na hakuna bangili ya kulifunga. Akisema kulikuwa na siri za watu, Kajiru angejua zilikuwepo, angejua mama alikuwa nazo, na angeanza kuwasaka waliomsaidia mama, mmoja mmoja, kwa upole. Ingebidi iwe sababu ambayo kila mtu pale angeiamini mara moja. Alikuwa nayo, tena walikuwa wamempa wenyewe tangu siku aliyofika.

"Niliogopa," alisema. "Mama aliniambia nisirudi mpaka nimwombe radhi. Sikumwomba, mpaka akafa. Nimeona kisanduku changu ndicho kirefu kuliko vyote. Sikutaka mkae hapa siku ya arobaini mmsikie akinilaani."

Aliyatazama maneno yakiingia ndani yao na kukaa. Shangazi alifunga macho. Mtu alisonya. Kajiru alimtazama kwa kitambo kingine, kisha mabega yake yakashuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, akavaa kofia yake. Alikwenda kuchomoa betri yake.

"Kwa aibu yako," alisema Mjomba Eliapenda. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Umemzima dada yangu kwa ajili ya aibu yako. Ukoo utakaa kwa jambo hili, Namkunda. Utaitwa, na utajibu."

"Nitajibu, Mjomba."

"Na changu je, Dada?" aliuliza Togolani.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu, akisubiri kabisa aambiwe. Neno moja la kweli lingemtosheleza mdogo wake, na Kajiru alikuwa bado anazungusha waya wake mkononi, hatua chache kutoka pale, akisikiliza.

"Nilijifikiria mimi tu," alisema. "Nisamehe."

Togolani aliitazama ile kompyuta, kisha akamsukumia kifuani.

"Chukua tofali lako," alisema, akaenda zake.

Alilipokea kwa mikono yote miwili. Lilikuwa bado na joto.